Nani Aliyemkata Jabali Kucha?

Nduku hakupiga ukelele. Ukelele wenyewe ulikataa kutoka.

Geti lilikuwa wazi vilevile tulivyoliacha wiki iliyopita, na pale katikati, jua la adhuhuri likimchoma mgongo, alikuwa ameketi mbwa ambaye mtaa mzima wa Magongo ulijua amekufa maji.

Jabali.

Wewe uliyechelewa kupanda nasi, shika haya machache twende. Kyalo, mume wa Nduku, dereva wa malori ya makontena, alitoka alfajiri moja kumtembeza mbwa wake kando ya maji kule Mikindani. Hakurudi. Kaka yake mkubwa, Phineas, ndiye aliyekuja mbio kuleta habari, suruali imelowa hadi kiunoni: mbwa kavutwa na mkondo, Kyalo kajitosa kumwokoa, maji yamewameza wote wawili. Kwenye tope la mikoko zilikutwa jozi ya viatu na mnyororo. Maiti haikuonekana. Kanisani waliombea picha.

Masika yamekuja na kwenda tangu siku hiyo. Na leo, Nduku katoka ibadani, hata viatu hajavua, mbwa amerudi.

Peke yake.

"Nduku! Ewe Nduku! Usimguse!"

Alikuwa Mwanasaumu, jirani wa ukuta mmoja. Alikuwa amepanda juu ya ndoo akichungulia, leso imemshuka mabegani, macho yamemtoka.

"Ni Jabali," Nduku alisema.

"Jabali alikufa! Kilichokufa maji hakirudi, shoga yangu. Kinachorudi ni kingine, kimevaa ngozi ya yule. Wallahi, funga geti usome. Hata kama ni zaburi zako, soma!"

Hata kunguru wa Magongo, wasionyamaza hata msibani, walikuwa kimya. Mtaa wote ulikuwa umejifungia ndani kukimbia joto. Mbwa hakubweka. Hakutikisa mkia. Alimtazama Nduku tu, kama mtu aliyetumwa na sasa anangoja jibu.

Nduku alikuwa na njia moja tu ya kujua. Kyalo alimfundisha mbwa wake kwa Kikamba makusudi, ili mwizi wa mjini aje na Kiswahili chake chote asimpate.

"Jabali," alinong'ona. "Ũka."

Njoo. Mbwa akainuka.

Alikuwa wa mbegu ya Boerboel, mbwa wa mashamba ya Makaburu huko Afrika Kusini. Kichwa cha mraba kama tofali. Shingo nene isiyojulikana inaishia wapi. Kifua kipana kama mlango wa kabati. Manyoya mafupi yenye rangi ya asali, na uso mweusi tangu puani hadi machoni, kana kwamba amechungulia ndani ya chungu chenye masizi. Alipotembea, misuli ya mabega yake ilipishana chini ya ngozi kama watu wanaopishana nyuma ya pazia.

"Ĩkala nthĩ."

Jabali akakaa chini.

Nduku akamwendea. Alijikuta kwenye saruji, na kile kichwa kizito kama debe la maji kikamlalia mapajani. Akalia. Alilia kilio ambacho kanisani, mbele ya picha, alikuwa amekizuia.

Kisha mikono yake ikaanza kupita pale ilipozoea kupita mikono ya Kyalo, na kilio kikakatika.

Mbwa aliyezurura muda wote huo angekuwa mbavu tupu, kupe masikioni, ukurutu mgongoni. Jabali hakuwa na hata kupe mmoja. Nduku alifungua mikunjo ya mashavu yake. Kwa joto la pwani, mikunjo ile isipofutwa na kukaushwa kila siku huoza na kunuka. Ilikuwa mikavu, safi. Masikio safi. Akainua mguu wa mbele.

Kucha zilikuwa zimekatwa. Tena zimekatwa leo, maana ncha zilikuwa bado nyeupe, na zimesuguliwa kwa msasa ziwe mviringo zisichane mkeka.

Akageuza kiwiko. Mbwa wa uzito ule akilala juu ya saruji huota sugu, na sugu ikipasuka ni kidonda kisichopona. Kyalo alikuwa akimsugua viwiko kwa mafuta ya nazi aliyoyaloweka karafuu. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Watu walimcheka.

Nduku aliinama akanusa.

Karafuu.

"Mwanasaumu," aliita bila kugeuka. "Jini hukatwa kucha?"

Ndoo ilikwaruza nyuma ya ukuta. Kisha sauti ya jirani ikaja, ndogo, haina ubishi tena. "La. Basi huyu, nani kamkata?"

Nduku aliingia jikoni. Alipakua wali na dagaa akamwekea. Jabali alikula bila pupa, akamaliza, akaenda moja kwa moja kivulini akajilaza. Akamwita. Hakuja. Akamwita tena. Mbwa akamtazama tu, kidevu juu ya miguu.

Hiyo pia ilikuwa sheria ya Kyalo. Mbwa mwenye kifua kikubwa namna ile akikimbia tumbo limejaa, tumbo hujipinda, na akafa hata daktari wa mifugo hajapokea simu. Lazima apumzike. Na sheria kama hiyo mbwa asiye na msimamizi huisahau baada ya wiki chache. Jabali hakuwa ameisahau.

Yu hai, moyo wa Nduku ulisema. Yu hai mahali, na jana amekula, na leo asubuhi amemshika mbwa huyu mguu.

Basi mbona hakuja mwenyewe?

"Shemeji! Hodi hapa! Chakula kimeiva?"

Alikuwa Phineas. Tangu msiba hakukosa chakula cha mchana cha Jumapili nyumbani kwa shemeji yake. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, shati limepigwa pasi, papai mkononi. Aliingia getini anacheka.

Kicheko kikamfia kinywani.

Msomaji, shika neno hili. Jabali hakuwa mbwa wa kubweka ovyo. Kyalo alikuwa akisema mbwa mdogo hubweka kwa sababu anaogopa, na huyu hana sababu. Kwa watu wa nyumbani alikuwa mpole kama ng'ombe. Na Phineas alikuwa mtu wa nyumbani. Alimlisha kwa mkono alipokuwa kitoto, alimfundisha kupanda lori. Zamani Jabali akimwona alikuwa akimwegemea mpaka mtu anayumba.

Leo alisimama, sheria ya tumbo akaitupa. Akaja polepole, akajiweka katikati ya Nduku na shemeji yake. Manyoya ya uti wa mgongo yalisimama kama brashi. Kifuani mwake kulitoka ngurumo ya chini, kama lori lililoachwa likiunguruma.

Papai lilianguka likapasuka.

"Haiwezekani," Phineas alisema. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. "Haiwezekani. Mnyororo ule niliufunga mimi mwe..."

Akajing'ata ulimi. Lakini neno limeshatoka, na neno likitoka halirudi.

"Mnyororo gani, Phineas?"

"Nimesema mnyororo?"

"Ulituambia alivutwa na mkondo. Uliapa mbele ya mchungaji. Mbwa aliyefungwa huvutwaje na mkondo?"

"Umesikia vibaya, shemeji. Ni joto hili." Alijipangusa uso. Na palepale sauti yake ikageuka, ikawa laini, laini mno. "Sikiliza. Mbwa akipotea akarudi, hurudi na kichaa. Huyu ana kichaa, mtazame. Nitaleta watu waje kumalizia kazi. Mfungie bafuni, na wewe ukae ndani. Jua halitazama sijarudi."

Aliondoka kinyumenyume. Hakuthubutu kumpa Jabali mgongo mpaka alipolifikia geti.

Kumalizia kazi.

Nduku alibaki amesimama juu ya papai lililopasuka. Alikumbuka jioni ya mwisho, ndugu wawili wamejifungia sebuleni, sauti chini. Neno moja tu la Kyalo lilipenya ukuta siku ile: "Jisalimishe. Yule mtu aliyegongwa na lori lako alikuwa na watoto." Alipomuuliza baadaye, Kyalo alimwambia alale, atamweleza kesho.

Kesho ikaja na viatu vyenye tope.

"Mwanasaumu."

"Abee."

"Umesikia?"

"Nimesikia yote." Mkono ulinyooka juu ya ukuta, mbali kadiri mkono ulivyoweza, umeshika kamba ya kuanikia nguo. "Mfunge, mfuate anakokujua. Nyumba nitaikalia mimi. Nenda, mama, na Mungu akutangulie."

Nduku aliangalia kamba, akaangalia mbwa. Akamfunga shingoni, akampigia goti.

"Nipeleke," alimwambia.

Jabali hakusita. Alishika njia ya Magongo kama mtu mwenye miadi, akateremka kuelekea barabara kuu ya Nairobi, malori yakipita yanatetemesha ardhi, yeye hata sikio hakugeuza. Watu walimpisha. Mwenye kioski aliruka nyuma ya friji yake. Jua lilikuwa kali, na mbwa wa misuli ile jua humtesa kuliko njaa. Kyalo hakumtembeza ila alfajiri. Ulimi ulipomning'inia hadi kifuani, Nduku alimsimamisha kwenye kivuli cha kibanda cha mitumba, akanunua maji, akamnywesha kwa kiganja na mengine akammwagia tumboni na miguuni.

Hapo ndipo alipoona jambo lililomsisimua mwili, pamoja na jua lote lile.

Kila walipoendelea hatua chache, Jabali aligeuza kichwa kushoto. Akatazama juu. Si kwa Nduku. Nduku alikuwa kulia kwake. Alitazama pale ambapo ungekuwa uso wa mtu mrefu anayetembea upande wa pili. Alitazama, akatulia, kama aliyejibiwa, akaendelea.

Nduku alijaribu kutokutazama upande ule. Alijaribu mpaka shingo ikamuuma. Kila mara alipoisikia changarawe ikilia kushoto, alijiambia ni miguu ya mbwa.

Mikindani walipita nyumba za kupanga, wakapita misikiti na makanisa yanayotazamana, wakateremka mpaka lami ikaisha na harufu ya tope la chumvi ikawapokea. Mwisho kabisa, pale mikoko inapoanza, palikuwa na nyumba ya udongo iliyoezekwa mabati, na nje yake mama mmoja wa makamo amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi iliyovunjika ncha, akifungua chaza kwa jiwe. Alikuwa amejifunga kanga, na nyingine ya kisutu kichwani. Aliinua macho, akamwona mbwa. Hakushtuka.

"Ĩkala nthĩ!" alimkaripia.

Jabali akakaa chini.

Nduku alihisi nywele zikimsimama. Yule alikuwa mama wa Kiislamu, mtu wa pwani damu na mfupa, na Kikamba kilimtoka na lafudhi ya Kyalo yenyewe, ile ya kuvuta mwisho wa neno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mimi Jalila." Alimpima Nduku juu chini, taratibu. "Yakhe, hatimaye una uso. Siku zote najiuliza, mwenye mbwa huyu anaotaje nyumba isiyo na mtu?"

"Yuko wapi?" Nduku alishika nguzo ya baraza. "Mume wangu yuko wapi?"

"Kaa kwanza."

"Siwezi kukaa."

"Basi sikia umesimama." Jalila aliweka jiwe chini. "Mimi chaza nawakwangua kwenye mizizi ya mikoko, maji yakipwa. Asubuhi ile nalichelewa, maji yashaanza kujaa. Nalisikia sauti. Si kubweka. Sauti ya mtu anayekoroma. Nikafuata. Naliwakuta. Huyu amefungwa mnyororo kwenye mkoko, mnyororo umenyooka hauna tena pa kwenda, maji yamemfika shingoni. Na mdomoni ameshika kola ya shati. Ndani ya shati mna mtu. Kichwa cha mtu kiko juu ya maji kwa sababu huyu amekishikilia kiko juu."

Nduku alijiziba mdomo.

"Taya hizo waziona? Haziachii. Hata nilipokata ukanda wa shingo yake kwa kisu cha chaza hakuachia. Walikuja ufukoni wote wawili pamoja, mimi nawavuta, nalia, namwita Mola wangu. Mtu mwenyewe alikuwa amepasuliwa kisogo kwa kitu kizito. Tabibu wa zahanati ni mpwa wangu, alikuja akamshona hapa hapa. Akanambia kumbukumbu zitarudi, au hazitarudi."

"Mbona hukusema kwa mtu? Mama, mbona?"

"Kwa sababu siku ile ile alikuja mtu mrefu, mcheshi, akiuliza kama kuna aliyeona maiti. Akasema yeye ndugu yake. Nalikuwa nataka kumwambia. Ulimi ulikuwa hapa mbele." Jalila aligusa meno yake. "Lakini huyu mbwa alikuwa chumbani kwangu. Na kupitia ufa wa mlango nalimwona anavyotetemeka. Si woga. Mbwa mwoga hujikunja. Huyu alikuwa amesimama. Nikasema sijaona kitu. Kesho yake mtu yule akarudi, na askari pamoja naye, wanacheka kama masahibu. Hapo nikajua, nikifungua kinywa nimemuua mgonjwa wangu."

Upepo ulipita kwenye mikoko. Jabali aligeuza kichwa kushoto, akatazama juu.

"Alilala banda la nje, na mbwa wake," Jalila aliendelea. "Jina lake hakulijua. Watu hakuwatambua. Alikaa kimya kama kaburi, ila na huyu. Huyu alimjua. Kila alfajiri humtembeza kabla ya jua, yeye kushoto, mbwa kulia, humfuta uso, humchana kwa glavu ya mpira, humpaka mafuta viwiko, humsemesha lugha yao. Mimi najisi ya mbwa imenichosha, mwanangu, mikono imechubuka kwa kujitwaharisha na mchanga. Lakini nilikuwa nikimtazama nasema, mtu huyu hajafa kabisa. Kuna kipande kimebaki, na kipande hicho kimeshikiliwa na mbwa."

"Mama Jalila, nakuomba. Yuko wapi sasa?"

Mama yule aliinamisha macho.

"Leo alikuwa amempakata mguu wa mwisho, anamkata kucha. Mkasi ukamponyoka. Akakaa anatazama mbele kama aliyeitwa. Kisha akatamka jina la mtu. Mara ya kwanza tangu nimjue."

Moyo wa Nduku uliruka. "Jina langu? Alisema Nduku?"

Jalila alitikisa kichwa polepole.

"Alisema Phineas."

Nduku alikaa chini sasa, bila kuambiwa.

"Akasimama. Akamwambia mbwa akae. Huyu akalia, akamwambia tena, akakaa. Akatoka kwa njia ya juu. Nami nilipoingia jikoni nalikuta kisu changu cha chaza hakipo." Jalila aliliokota tena lile jiwe. "Huyu alistahimili mpaka jua likakaribia kichwani. Kisha akavunja amri. Sijapata kumwona akivunja amri, mwanangu. Nikadhani amekwenda kumfuata bwana wake. Kumbe alikuja kukuchukua wewe."

Ndipo simu ya Nduku ilipolia.

"Nduku!" Mwanasaumu alikuwa akinong'ona, pumzi zimembana. "Uko wapi? Kuna mtu nyumbani kwako. Amepita geti kama mwenyewe, amekaa jikoni. Nimemchungulia dirishani. Wallahi, Nduku, wallahil adhim, ni Kyalo! Ni yeye, mwembamba, mvi zimemjaa. Lakini macho yake... shoga, macho yake hayana mtu ndani."

"Ana kitu mkononi?"

"Kisu."

"Mpelekee simu. Mpitishie dirishani, Mwanasaumu. Usiogope. Mpelekee."

Alisikia ndala zikiburuzika, bawaba ya dirisha, Mwanasaumu akisema bismillahi. Kisha alisikia pumzi. Alizijua pumzi zile. Zililala karibu na sikio lake miaka yote ya ndoa yake.

"Kyalo?"

"Mbwa wangu simwoni," sauti ilisema, polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutika. "Nilimwambia akae. Umemwona?"

"Yuko na mimi. Yuko hapa, mzima." Machozi yalimwingia kinywani. "Kyalo, nisikilize. Toka kwa mlango wa nyuma. Pita kwa Mwanasaumu. Toka sasa hivi!"

"Nyumba hii naijua," sauti ilisema. Ilikuwa na huzuni, kama inayoomba radhi. "Wewe sikujui."

Nduku alifumba macho. Jabali alisimama, akaweka pua yake kwenye simu.

Na kule Magongo, ndani ya simu ile ile, geti la chuma lilikwaruza saruji. Miguu ya watu, mingi, ikaingia uani. Mtu akacheka, kicheko kile kile cha kila Jumapili. Mtu akasema bafuni, tazameni bafuni.

Kiti cha jikoni kilisukumwa nyuma.

"Kyalo, usiende! Kyalo!"

Alipozungumza tena, sauti yake haikuwa ya kutafuta. Ilikuwa imepata.

"Huyu," Kyalo alisema, "huyu namjua."

Simu ikakatika.